Jinsi Kompyuta Ilivyofundishwa Sarufi

Mwishoni mwa mwaka 1953, mfanyakazi wa kampuni ya IBM mjini New York aitwaye John Backus alimwandikia mkuu wake, Cuthbert Hurd, barua ya kuomba ruhusa. Alitaka kuunda programu ambayo kazi yake ingekuwa kuandika programu nyingine. Mtu angeandika hesabu yake kwa alama alizozizoea tangu shuleni, na mashine yenyewe ingezigeuza kuwa amri inazozielewa. Hoja ya Backus ilihusu fedha kabla ya kuhusu utaalamu: katika vituo vya kompyuta vya wakati huo, hadi robo tatu ya gharama zote ziliishia kwenye kuandika programu na kusaka makosa yake. Hurd alikubali.

Ruhusa hiyo ilizaa kazi kubwa kuliko walivyotazamia wote wawili. Historia inayofuata ni ya watu waliouchukua ujuzi uliokuwa vichwani mwa mafundi wachache, wakaufanya kanuni, kisha wakaufanya chombo, na hatimaye wakaufanya maktaba ya programu ambayo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua leo akaunda lugha yake mwenyewe. Kwangu mimi hiki ni kimojawapo cha visa vikubwa vya kugawana elimu katika karne ya 20, na kinatuhusu wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Enzi ya namba tupu

Lugha ya mashine haikuwa na huruma. Kila amri ilikuwa namba, na kila data ilikaa mahali penye anwani ambayo nayo ni namba. Kujumlisha tu namba mbili kulidai hatua kadhaa: chukua ya kwanza kutoka anwani fulani, ongeza ya pili kutoka anwani nyingine, hifadhi jibu kwenye anwani ya tatu. Mwandishi wa programu akigundua kwamba amesahau amri moja katikati, zote zilizofuata zilisogea, na anwani zilizotajwa kwingineko zikawa za uongo. Ilimbidi azipitie moja baada ya nyingine.

Mmoja wa walioanza kuutikisa utaratibu huo ni Grace Hopper. Alizaliwa New York mwaka 1906, akapata shahada ya uzamivu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, na mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, akajiunga na jeshi la akiba la wanamaji wa Marekani. Alipangiwa kazi kwenye kompyuta ya Mark I pale Harvard. Huko, yeye na wenzake waliweka madaftari ya vipande vya programu vilivyokwisha kuthibitika kuwa sahihi, na aliyehitaji kipande alikinakili kwa mkono kutoka daftari la mwenzake. Hopper aliona kwamba watu hukosea wanaponakili, na hukosea tena wanapojumlisha anwani. Kunakili na kujumlisha ndizo kazi ambazo kompyuta inazifanya bila kuchoka.

Mwaka 1952, akiwa na kampuni iliyotengeneza UNIVAC, alitoa maelezo ya mfumo wake ulioitwa A-0. Vipande vya programu vilihifadhiwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake ya mwito. Mwandishi aliorodhesha namba hizo kwa mpangilio alioutaka. Mashine ikavitafuta vipande, ikavinakili, ikarekebisha anwani na kutoa programu nzima. Hopper aliuita mfumo huo kompaila, na jina likabaki. Mwaka huo huo, pale Manchester nchini Uingereza, Alick Glennie alikuwa na kompaila yake, Autocode. Mjini Zurich, Corrado Böhm, Mwitaliano, alikuwa amekwisha kuandika tasnifu iliyoeleza kompaila kwa kutumia lugha ile ile ambayo kompaila hiyo ingeitafsiri.

Kundi la Backus lilitaka kwenda mbali zaidi. Liliiandalia lugha ya FORTRAN kompaila ya kompyuta ya IBM 704, na kazi waliyotarajia kuimaliza kwa miezi 6 iliwachukua takriban miaka 3. Ilipofika kwa wateja Aprili 1957, ilikuwa na mistari ipatayo 25,000 ya amri za mashine. Mafundi wengi walikuwa wameapa kwamba hakuna programu itakayoandika amri zenye kasi kama zao. FORTRAN iliwanyamazisha kwa matokeo.

Hata hivyo, ndani ya kompaila hiyo mlikuwa na mambo yaliyoonyesha jinsi watu walivyokuwa bado wanapapasa gizani. Chukua hesabu hii: 3 + 4 * 2, ambapo kinyota ni alama ya kuzidisha. Kila mtoto wa shule anajua jibu ni 11, kwa sababu kuzidisha hutangulia. Mashine itajuaje? Kompaila ya FORTRAN ilitumia werevu: kila alama ya kujumlisha ilizungushiwa mabano mawili mawili, na kila alama ya kuzidisha bano moja moja, kisha mabano mawili mawili yakaongezwa mwanzoni na mwishoni. Hesabu yetu ikawa ((3))+((4)*(2)), na mabano yakalazimisha utaratibu sahihi. Mbinu ilifanya kazi vizuri. Lakini ilikuwa mbinu ya hesabu tu, na aliyetaka kuunda lugha nyingine ilimpasa kubuni mbinu zake upya. Hapakuwa na nadharia ya jambo hilo.

Sarufi yaingia mashineni

Nadharia ilitoka kwa watu waliokuwa wakichunguza lugha za binadamu. Mwaka 1956 Noam Chomsky, aliyekuwa MIT, alichapisha makala iliyolinganisha aina tatu za sarufi na uwezo wa kila moja wa kueleza miundo ya sentensi. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kidogo, Syntactic Structures. Humo sentensi iliandikwa kama mti: juu kabisa sentensi yenyewe, chini yake vikundi, chini ya vikundi maneno.

Mwanafunzi wa sekondari wa Kenya au Tanzania aliyewahi kuchanganua sentensi kwa matawi ameshakutana na wazo hili. Sentensi "Mtoto mdogo analia" huanzia kwenye S (sentensi), S ikagawanyika kuwa KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi), KN ikazaa N (nomino) na V (kivumishi), na KT ikabaki na T (kitenzi). Kanuni yenyewe, S → KN + KT, ni aina ile ile ya kanuni ambayo kompaila za leo zimejengwa juu yake.

Juni 1959, kwenye mkutano wa UNESCO mjini Paris, Backus aliwasilisha makala iliyoeleza lugha mpya ya kimataifa, iliyokuja kuitwa ALGOL, kwa kanuni za aina hiyo. Mdenmark Peter Naur aliuona uzito wa jambo hilo, akaunyoosha mtindo wa uandishi, na kuutumia katika ripoti ya ALGOL 60 iliyotokana na mkutano wa watu 13 mjini Paris Januari 1960. Mtindo huo sasa hujulikana kwa majina yao wawili, Backus na Naur. Miaka michache baadaye, mwaka 1967, mtaalamu mmoja, Peter Ingerman, aliwakumbusha wenzake kwamba Panini wa India alikuwa ameieleza sarufi ya Kisanskriti kwa kanuni zenye uwezo kama huo zaidi ya miaka 2,000 kabla yao.

Hebu tuirudie hesabu yetu na tuiandikie sarufi. Kanuni ya kwanza: hesabu ni hesabu ikifuatwa na alama ya kujumlisha na kundi, au ni kundi peke yake. Kanuni ya pili: kundi ni kundi likifuatwa na alama ya kuzidisha na namba, au ni namba peke yake. Basi. Ukichora mti wa 3 + 4 * 2 kwa kanuni hizi, 4 na 2 hujikuta pamoja chini ya kundi moja, na 3 hubaki tawi la juu. Hakuna mti mwingine unaowezekana. Utangulizi wa kuzidisha, uliokuwa ukilazimishwa kwa mabano, sasa umo ndani ya sarufi yenyewe, wazi kwa yeyote anayeisoma.

Kwa maoni yangu hapa ndipo historia hii ilipogeuka. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusema lugha ya programu ni nini bila kusema mashine itaisomaje. Lugha ilitengana na fundi wake.

Kusoma bila kurudi nyuma

Kuwa na sarufi ni jambo moja. Kuifanya mashine ipate mti kutokana na maandishi ni jambo la pili. Mjini Munich, Friedrich Bauer na Klaus Samelson walikuwa wameombea hataza mwaka 1957 njia ya kuhifadhi vitu ambavyo mashine imevisoma lakini haijavikamilisha. Vilipangwa kama sahani za karamu: kilichowekwa mwisho juu ya rundo ndicho cha kwanza kuondolewa. Ikisoma 3 + 4, mashine haikimbilii kujumlisha. Inaviweka kwenye rundo, inachungulia alama inayofuata, na ikiona ni ya kuzidisha inangoja. Rundo hilo likawa kiungo cha lazima cha kila kompaila. Agosti 1960, mjini Amsterdam, Edsger Dijkstra na Jaap Zonneveld walikamilisha kompaila ya ALGOL 60 iliyotumia mawazo hayo.

Njia nyingine ilikuwa ya kuiandikia kila kanuni ya sarufi kijiprogramu chake. Kijiprogramu cha hesabu hukiita cha kundi, cha kundi hukiita cha namba, na penye mabano cha namba hukiita tena cha hesabu. Niklaus Wirth wa Zurich, aliyeitoa lugha ya Pascal mwaka 1970, aliipenda njia hii kwa uwazi wake, na vizazi vya wanafunzi waliipata kwake. Hadi leo ndiyo njia ya kwanza ninayoweza kumshauri mtu anayeanza.

Swali kubwa lilibaki: ni sarufi zipi ambazo mashine inaweza kuzisoma kutoka kushoto kwenda kulia bila kubahatisha wala kurudi nyuma? Aliyelijibu ni Donald Knuth. Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Caltech, aliombwa na wachapishaji Addison-Wesley aandike kitabu kuhusu kompaila. Kitabu hicho kilipanuka hadi kikawa mfululizo mzima, The Art of Computer Programming, ambao juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1968. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1965, Knuth alichapisha makala iliyobainisha kundi pana la sarufi zinazosomeka kwa mkupuo mmoja, kwa muda unaolingana na urefu wa maandishi. Zaidi ya hapo alionyesha kwamba kutokana na sarufi yenyewe mtu anaweza kukokotoa jedwali linaloiambia mashine, kwa kila hali ya rundo na kila alama inayofuata, ifanye nini.

Maana yake ilikuwa kwamba kichanganuzi, yaani programu inayopata mti kutokana na maandishi, hakihitaji tena kubuniwa. Kinaweza kukokotolewa. Tatizo lililosalia lilikuwa la ukubwa, kwani majedwali ya Knuth yalizidi uwezo wa kompyuta za siku zile. Mwaka 1969 Frank DeRemer, katika tasnifu yake pale MIT, alionyesha namna ya kuyapunguza bila kupoteza manufaa yake mengi.

Chombo kutoka Murray Hill

Nadharia hiyo ingeweza kubaki majaridani. Iliyoitoa ni haja ndogo ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, Stephen Johnson alitaka kuongeza kitendo kimoja kwenye kompaila ya lugha ya B, kazi ya Ken Thompson. Alimwendea Alfred Aho, aliyekuwa jirani yake kazini na aliyeifahamu vyema kazi ya Knuth. Aho alimtengenezea jedwali kwa mkono. Ilikuwa kazi ya kuchosha, rahisi kukosewa, na sarufi ikibadilika kidogo tu jedwali zima ilibidi lirudiwe. Johnson akakata shauri kuiandikia programu kazi hiyo.

Programu hiyo iliitwa Yacc, na ripoti yake ikatoka mwaka 1975. Haikuwa ya kwanza ya aina yake: pale Manchester Tony Brooker na Derrick Morris walikuwa na yao, na mwaka 1964 Val Schorre wa Los Angeles alikuwa ameitangaza META II. Ila Yacc ndiyo iliyoenea, kwa sababu ilisafiri pamoja na mfumo wa Unix na kwa sababu ilimwachia mtumiaji uhuru. Mtumiaji aliandika sarufi, na pembeni ya kila kanuni akaweka kipande cha programu ya C cha kutekelezwa kanuni hiyo inapotimia. Pembeni ya kanuni ya kujumlisha angeweza kuweka amri ya kujumlisha, akapata kikokotoo. Angeweza badala yake kuweka amri ya kuandika lugha ya mashine, akapata kompaila. Sarufi ni ile ile.

Mwandani wa Yacc alikuwa Lex, iliyotengenezwa na Mike Lesk pamoja na Eric Schmidt, kijana aliyekuja kuwa mkuu wa Google mwaka 2001. Lex ilishughulikia hatua inayotangulia sarufi: kupokea herufi tupu na kuzikusanya kuwa vipashio, yaani hii ni namba, hili ni jina, hii ni alama. Kwa vyombo hivi viwili, kazi iliyolimeza kundi la Backus kwa miaka ikawa inawezekana kwa mtu mmoja na subira yake.

Matunda yalionekana upesi, na mengi hayakuwa kompaila kwa maana ya zamani. Brian Kernighan na Lorinda Cherry waliunda eqn, lugha ya kuandikia fomula za hisabati kwa ajili ya uchapaji. Stuart Feldman aliunda Make mwaka 1976, ya kupanga hatua za ujenzi wa programu. Mwaka 1977 Aho, Peter Weinberger na Kernighan waliunda AWK, ya kuchambua mafaili ya maandishi mstari kwa mstari. Zote zilisomwa kwa vichanganuzi vilivyotokana na Yacc. Zilikuwa lugha ndogo, kila moja kwa kazi yake, na waliozitengeneza walikuwa na tatizo la kutatua, si kompaila ya kujivunia. Mwaka 1977 Aho na Jeffrey Ullman walitoa pia kitabu chao cha kompaila chenye picha ya joka na shujaa jaladani, kitabu kilichowafundisha wengi. Walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2020.

Chombo cha kila mtu

Yacc ilikuwa mali ya kampuni. Mwaka 1985 Robert Corbett aliandika Bison, Richard Stallman akaifanya ilingane na Yacc, na ikaingia katika mradi wa GNU ambao msimbo wake ni huru kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa. Mwaka 1987 mradi huo ulitoa GCC, kompaila huru ya C.

Uhuru huo ulifika kwa watu ambao hakuna aliyewatazamia. Mwaka 1997, wanafunzi wawili wa Israeli, Andi Gutmans na Zeev Suraski, walikuwa na mradi wa chuo wa kuuza vitu mtandaoni. Lugha ya PHP ya wakati ule, kazi ya Rasmus Lerdorf, haikuwatosha. Waliamua kuandika upya kichanganuzi chake, wakashirikiana na Lerdorf mwenyewe, na PHP 3 ikatoka mwaka 1998. Tovuti zisizohesabika zimejengwa kwa lugha hiyo, na sarufi yake husomwa na kichanganuzi kinachozalishwa na Bison. Wanafunzi wawili wasingethubutu kazi ya namna hiyo kama kila kitu kingeanzia sifuri.

Kutoka chombo hadi maktaba

Yacc na Bison zilikuwa na usumbufu wake. Sarufi iliandikwa katika faili lake, kwa lugha yake, ikapitishwa kwenye chombo, na chombo kikatema msimbo ambao binadamu hausomi kwa raha. Watu wengine wakauliza kama sarufi isingeweza kuandikwa moja kwa moja ndani ya lugha ya programu wanayoitumia kila siku.

Jibu lilianza na William Burge mwaka 1975, likaendelezwa na Philip Wadler mwaka 1985, na likapata umbo linalofahamika sana kwa Graham Hutton na Erik Meijer mwaka 1996. Kichanganuzi ni kitendakazi kidogo: kinapokea maandishi, kinakula sehemu yake, kinarudisha kilichokipata na masalio. Kimoja kinasoma tarakimu moja. Kingine kinasoma alama ya kujumlisha. Kisha vinakuja viunganishi vitatu: "kisha", "au" na "rudia". Namba ni tarakimu iliyorudiwa. Kundi ni namba, kisha alama ya kuzidisha na namba nyingine, ikirudiwa. Hesabu ni kundi, kisha alama ya kujumlisha na kundi jingine, ikirudiwa. Sarufi ya hesabu yetu inaenea mistari michache, nayo ni programu tayari.

Mwaka 2001 Daan Leijen alitoa Parsec, maktaba ya lugha ya Haskell iliyothibitisha kwamba njia hii inafaa kwa kazi nzito na inaweza kumweleza mtumiaji makosa yake kwa ufasaha: kosa liko mstari gani, na ni nini kilichotarajiwa mahali pale. Mfano wake umeigwa katika lugha nyingi. Katika C++, Joel de Guzman aliunda Spirit. Katika Python, Paul McGuire aliunda pyparsing. Upande wa vyombo vya kuzalisha, Terence Parr, aliyeanza akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Purdue, alitumia zaidi ya miongo miwili kuiboresha ANTLR, inayozalisha vichanganuzi kwa Java na lugha nyingine. Mwaka 2004 Bryan Ford alieleza sarufi za aina mpya ambazo "au" yake hufuata mpangilio: jaribu la kwanza, likishindikana ndipo ujaribu la pili. Python yenyewe ilihamia kwenye sarufi za aina hiyo katika toleo la 3.9 la Oktoba 2020.

Upande wa pili wa kompaila, ule wa kutoa lugha ya mashine, nao ulipata maktaba yake. Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Chris Lattner na mwalimu wake Vikram Adve walianza LLVM. Hoja yao ilihusu hesabu rahisi. Lugha 5 na aina 4 za vichakato zingedai kompaila 20 zikiandikwa kila moja peke yake. Pakiwa na lugha moja ya kati, vinatosha vipande 9: vitano vya kuingia na vinne vya kutoka. Rust, Swift na Julia zote zinategemea LLVM. Anayeunda lugha mpya leo akiweza kuifikisha kwenye lugha hiyo ya kati, anarithi kazi ya mamia ya wataalamu waliomtangulia.

Haki inanidai niseme pia kwamba safari haikwenda upande mmoja tu. GCC iliacha kichanganuzi cha Bison kwa C++ katika toleo la 3.4 la mwaka 2004, na kwa C katika toleo la 4.1 la mwaka 2006, ikarudi kwenye vijiprogramu vilivyoandikwa kwa mkono. C++ ina utata ambao majedwali huutatua kwa taabu, na maelezo ya makosa yaliyoandikwa na binadamu huwafaa binadamu. Uamuzi huo hauitukanishi Yacc. Walioandika kwa mkono mwaka 2004 walijua wanachokiacha na kwa nini, jambo ambalo kundi la Backus halikuwa na nafasi ya kulijua.

Kiswahili mbele ya mashine

Wakati wanaprogramu wakichanganua lugha walizozibuni, wanaisimu wa kompyuta walikuwa wakichanganua lugha walizozikuta. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa tasnifu iliyoeleza maneno ya Kifini kwa ngazi mbili: mofimu zilivyo kwenye leksikoni, na neno linavyoandikwa. Kati ya ngazi hizo kuna kanuni za sauti, na kanuni hizo hutafsiriwa na kompaila kuwa mashine ndogo zinazosoma herufi moja moja.

Arvi Hurskainen, wa chuo hicho hicho, aliutumia mfumo huo kwa Kiswahili. Mwaka 1992, katika juzuu ya kwanza ya Nordic Journal of African Studies, alieleza kichanganuzi chake cha mofolojia ya Kibantu kwa mfano wa Kiswahili, na kazi hiyo aliiendeleza kwa miaka mingi katika mfumo aliouita SALAMA.

Ugumu aliokabiliana nao tunaujua tangu utoto bila kuuona. Neno "hatutawapikia" ni sentensi nzima: ha- ya kukanusha, -tu- ya mtenda, -ta- ya wakati ujao, -wa- ya mtendwa, -pik- mzizi, -i- ya kutendea, -a ya mwisho. Huwezi kuweka katika kamusi kila umbo la namna hiyo, kwani mzizi mmoja huzaa maelfu. Inabidi mashine ijue kanuni. Ijue kwamba ha- na -ni- haziungani, bali huwa si-, tukapata "sitawapikia". Ijue kwamba "pika" huzaa "pikia" lakini "soma" huzaa "somea", kwa sababu irabu ya mzizi huamua irabu ya kiambishi. Hizi ni kanuni, na kanuni huandikika. Leo maktaba huria kama foma, ya Mans Hulden, na HFST ya Helsinki humwezesha mtu yeyote kuziandika, kuzikompaili na kuzijaribu kwenye kompyuta ya kawaida.

Jambo moja limejirudia katika miaka hii yote tangu barua ya Backus. Kila hatua kubwa ilipigwa baada ya mtu kuiandika sarufi kwa uwazi. FORTRAN ilikuwa na werevu bila sarufi, na werevu wake haukurithika. ALGOL ilikuwa na sarufi, na sarufi ikazaa nadharia ya Knuth, nadharia ikazaa Yacc, Yacc ikawazaa watu wenye tamaa ya maktaba. Maktaba haijui lugha yoyote. Inangoja anayeijua lugha aje na kanuni zake.

Kwa Kiswahili, kanuni hizo tunazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu mwaka 1999 kwa ajili ya sekondari na vyuo, na walimu wetu wanafundisha matawi ya sentensi kila muhula. Kinachokosekana ni meza moja wanayokaa pamoja mwalimu wa Kiswahili na mwanafunzi wa kompyuta. Mwalimu aje na kanuni za ngeli na viambishi, mwanafunzi aje na maktaba. Waanze na jambo dogo: kikokotoo kinachosoma 3 + 4 * 2, kisha kichanganuzi cha vitenzi kumi, kisha mia. Waandike sarufi karatasini kwanza, wachore miti yake kwa mkono, ndipo waiguse kompyuta. Na wakishamaliza, msimbo wao wauache wazi, kama Corbett na Stallman walivyouacha wa Bison, ili atakayefuata asianze na namba tupu.